BADILISHENI MPIRA WA PAMPU KABLA MAJI HAYAJAKATIKA

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho mtu anaweza kukitia katika mfuko wa shati na kusahau kwamba anacho. Ni mpira wa pistoni wa pampu ya maji ya mkono.

Mtauliza, kwa nini kuandika kurasa nzima juu ya mpira? Ni kwa sababu kisima kinaweza kuwa na maji tele, bomba likawa zima, mkono wa pampu ukawa mzima, na bado akina mama wakarudi kuteka mto Malakisi au mto Sio kwa ajili ya mpira ulioisha. Mkono unapanda na kushuka, lakini mdomo wa pampu umekauka. Halafu watu wanasema, "Kisima kimekufa." Kumbe kisima hakijafa. Kilichokufa ni mpira.

Jambo moja tunalotaka mlishike ni hili: msingoje mpira uishe kabisa. Mpira hubadilishwa kila mwaka, ukiwa bado unafanya kazi, na kikundi kinaweza kuubadilisha chenyewe. Tunazungumza hasa juu ya pampu ya Afridev, kwa kuwa ndiyo iliyo katika visima vingi na ndiyo iliyotengenezwa kwa nia kwamba wanakijiji waifungue wenyewe.

TULIKOTOKA

Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji. Katika miaka hiyo pampu za mkono zilifungwa kwa wingi Afrika, na upesi ikaonekana kwamba kufunga pampu ni rahisi kuliko kuitunza. Pampu nyingi za zamani zilihitaji gari na fundi wa serikali kila zilipoharibika. Kwa ajili ya mpira mmoja tu, ilibidi bomba lote la chuma ling'olewe kutoka ardhini. Gari lisipofika, watu walikunywa maji ya mto.

Ndipo mradi wa pampu wa UNDP na Benki ya Dunia ulipotafuta njia nyingine. Afridev ilibuniwa katika miaka hiyo ya themanini, na sehemu ya majaribio yake ilifanyika hapa kwetu Kenya, kule Kwale, ambako shirika la KWAHO lilifanya kazi na wanakijiji. Akina mama wa Kwale walifundishwa kufungua pampu na kuifunga tena. Wazo lilikuwa kwamba pistoni na valvu ya chini zitolewe kupitia ndani ya bomba, bila kuling'oa bomba lenyewe, na kwa vyombo vichache ambavyo kikundi kinaweza kuvitunza katika sanduku moja.

Huku kwetu Magharibi, mradi wa serikali za Kenya na Ufini uliojulikana kama KEFINCO ulianza mwaka 1981, ukachimba visima vingi, vikiwemo vya Busia. Baadaye matengenezo yakawa mikononi mwa jamii. Je, yalikwendaje? Watafiti wawili, Edward Miguel na Mary Kay Gugerty, waliandika mwaka 2005 kwamba karibu nusu ya visima vilivyochimbwa katika mradi mkubwa wa miaka ya themanini Kenya magharibi, kisha vikaachiwa jamii kuvitunza, vilikuwa vimeharibika kufikia mwaka 2000. Karibu nusu, jamani! Waliona pia kwamba mahali walipochanganyika watu wa makabila mbalimbali ilikuwa vigumu zaidi kuwabana wasiotoa mchango. Sisi watu wa mpakani tunaishi pamoja, Wateso, Wasamia, Wabukhayo, Wamarachi na wengine, kwa hiyo habari hiyo inatuhusu moja kwa moja. Tutarudi kwa mambo ya pesa mbele kidogo.

MPIRA HUU HUFANYA KAZI GANI?

Hebu fikirieni bomba la sindano la zahanati. Ndani yake kuna mpira mdogo mweusi. Daktari akivuta, mpira unabana ukuta wa bomba na dawa inafuata. Kama mpira umelegea, daktari atavuta hewa tu. Pampu yenu ni bomba la sindano kubwa lililosimama ndani ya kisima.

Chini kabisa, ndani ya maji, kuna silinda. Tundu lake lina upana wa milimita 50 na ukuta wake wa ndani ni wa shaba ya manjano, laini kama kioo. Ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka, ikivutwa na fito za chuma zilizounganishwa mpaka juu kwenye mkono wa pampu. Chini ya pistoni kuna valvu ya chini, ambayo haitembei. Mkono ukiinua pistoni, maji yaliyo juu yake yanapanda, na maji mapya yanaingia kupitia valvu ya chini. Pistoni ikishuka, valvu ya chini inajifunga ili maji yasirudi kisimani, na maji yanapita katikati ya pistoni kwenda juu yake.

Mpira wa pistoni ndio unaoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ukiukata katikati utaona umbo la herufi U, na ndiyo maana mafundi huuita yusili. Ile U ina midomo miwili, na midomo hiyo hutazama juu. Pistoni inapopanda, maji yaliyo juu yanaingia katikati ya midomo na kuipanua, nao mdomo wa nje unabana ukuta. Kadiri maji yanavyokuwa mazito, ndivyo mpira unavyobana zaidi. Pistoni inaposhuka, midomo inalegea na kuteleza bila shida.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kisima kikiwa na kina cha mita 30 mpaka kwenye maji, mpira huu mdogo hubeba maji ya karibu kilo 60 kila pistoni inapopanda. Hizo ni theluthi mbili za gunia la mahindi la kilo 90. Kila mara mkono unaposhushwa mpaka mwisho, maji yanayotoka hayafiki nusu lita, kwa hiyo mtungi wa lita 20 huhitaji kupampu karibu mara 50. Kijiji kikiteka mitungi 200 kwa siku, hiyo ni mara 10,000. Kila mara mpira unasugua ukuta karibu sentimita 45, kupanda na kushuka. Kwa siku moja unatembea kilomita nne na nusu. Kwa mwaka ni zaidi ya kilomita 1,600! Lori linalotoka Mombasa mpaka hapa Malaba halifikishi kilomita 1,000, na bado dereva huangalia magurudumu kila mahali. Basi kwa nini tushangae mpira wa pampu ukiisha?

DALILI ZA KUANGALIA

Mpira hauishi kwa siku moja. Huonya kwanza. Mwenye kuona onyo ni yule anayeteka maji kila siku, kwa hiyo kamati iwasikilize akina mama na watoto. Angalieni haya:

1. Mtungi unachukua muda kujaa. Pampu ikiwa mpya, hesabuni ni mara ngapi za kupampu zinajaza mtungi wa lita 20, mwandike katika daftari. Rudieni hesabu kila mwezi. Kama ilikuwa 50 na sasa ni 65, mpira unaanza kuvuja. Kama ni 80, mmechelewa.

2. Ukipampu polepole hakuna maji, ukipampu mbiombio yanatoka. Hii ni dalili ya wazi ya mpira wa pistoni. Ukienda polepole, maji yanapata nafasi ya kuteleza pembeni na kurudi chini.

3. Asubuhi unapampu sana kabla maji hayajaja. Hapa mara nyingi shida si mpira wa pistoni. Ni valvu ya chini. Jaribuni hivi: pampuni mpaka maji yatoke vizuri, mwache nusu saa bila mtu kugusa, kisha mpampu tena. Kama maji yanakuja baada ya kupampu zaidi ya mara tano, valvu ya chini inavuja, au bomba lenyewe limetoboka.

4. Mkono umekuwa mwepesi ghafla na hakuna maji hata tone. Fito imeachana au imekatika.

5. Maji yanatoka vizuri, yanakatika, halafu mkipumzika yanarudi. Hapo msilaumu mpira. Maji ya kisima yenyewe yanashuka kuliko yanavyoingia, kama inavyotokea wakati wa kiangazi. Pangeni zamu za kuteka.

6. Mkono unacheza kushoto na kulia, au unapiga kelele. Bushi zimeisha. Bushi ni zile pete za plastiki zinazobeba mkono. Hazitaki grisi wala mafuta, hubadilishwa tu.

VITU VYA KUTAYARISHA

Vyombo vya Afridev ni vichache: spana yake, kishikilio cha kuzuia fito zisianguke, ndoano ya kuvulia valvu ya chini, na chombo cha kuingizia bushi. Spea za mwaka mmoja ni mpira wa pistoni, bobini mbili, yaani mipira ya kufungia valvu, moja ya pistoni na moja ya valvu ya chini, mpira wa pete wa valvu ya chini, na seti ya bushi. Tayarisheni pia turubali au mkeka safi, mbao mbili za kulazia fito, maji safi na sabuni. Watu wanne wanatosha, na wawili wao wawe akina mama. Kijana aliyefundishwa peke yake akipata kazi Nairobi atakwenda na ujuzi wote.

Watangazieni watu siku mbili mapema ili wateke ya kutosha. Anzeni asubuhi. Kazi isiyo na matata huisha kabla ya chakula cha mchana.

HATUA KWA HATUA

1. Ogesheni pampu kwanza. Safisheni kichwa na sakafu ili uchafu usianguke ndani. Kila mtu anawe mikono. Ng'ombe na watoto wakae mbali.

2. Fungueni kifuniko cha kichwa, kisha nati za ile pini kubwa inayobeba mkono na nati za pini inayoning'iniza fito. Nati zote zitiwe katika sufuria moja. Nati ikianguka kisimani, mmeongeza kazi.

3. Inueni mkono pamoja na fito ya kwanza, na mara moja wekeni kishikilio chini ya kiungo. Hapa ndipo penye hatari. Fito zote pamoja zina uzito, na zikiteleza zinaanguka mpaka chini na kuvunja pistoni. Mtu mmoja kazi yake iwe kishikilio tu, asizungumze na mtu.

4. Vuteni fito moja moja. Kila fito ina urefu wa karibu mita tatu, na zimeunganishwa kwa ndoano na jicho, hazihitaji spana. Kisima cha mita 30 kina kama fito kumi. Zilazeni juu ya mbao, si mchangani, kwa mpangilio mliozitoa. Angalieni kila ndoano. Iliyolika mpaka ikawa nyembamba ibadilishwe leo, msingoje ikatike.

5. Fito ya mwisho itakuja na pistoni. Vueni mpira wa zamani kwa vidole. Msitumie kisu wala bisibisi, maana mkikwaruza mwili wa pistoni, mpira mpya utavuja hapo hapo. Angalieni mpira wa zamani: kama umeisha sawasawa pande zote, umefanya kazi yake. Kama una mikwaruzo ya kusimama, kuna mchanga. Kama umeisha upande mmoja tu, huenda fito imepinda.

6. Loweshani mpira mpya kwa maji safi na kuuvisha katika mfereji wake. MIDOMO YA U ITAZAME JUU. Ukigeuzwa chini, pampu haitatoa maji hata mkifunga kila kitu sawa, na mtairudia kazi yote. Watu wawili wauangalie kabla haujarudi kisimani. Badilisheni na bobini ya pistoni hapo hapo.

7. Sasa fungeni ndoano ya kuvulia mwisho wa fito, mshushe fito zote tena mpaka chini, mnase valvu ya chini na kuivuta juu. Ikiwa imekwama, vuteni kwa mikupuo midogo. Msifunge kamba kwenye pikipiki wala trakta! Bomba ni la plastiki. Ikikataa kabisa, muiteni fundi wa maji wa kaunti.

8. Badilisheni mpira wa pete na bobini ya valvu ya chini. Osheni kila kitu kitakachorudi kisimani kwa maji safi yenye klorini. Irudisheni valvu ndani ya bomba, kisha mshushe pistoni na fito, mkiikandamiza valvu taratibu mpaka ikae mahali pake.

9. Unganisheni mkono, mbadilishe bushi zote kwa pamoja, mkaze nati vizuri na kurudisha kifuniko.

10. Pampuni. Maji ya kwanza yamwagwe, yasinywewe, mpaka yawe safi. Kuhusu kutia klorini ndani ya kisima baada ya kazi, afisa wa afya awapimie kiasi kulingana na maji yaliyomo. Kisha fanyeni lile jaribio la nusu saa, mhesabu mtungi, na kuandika tarehe katika daftari. Siku ya mwaka ujao mmeshaijua.

Mpira mpya ukiisha kabla ya miezi michache, msilaumu mpira peke yake. Mchanga unaingia kisimani, au ukuta wa silinda umekwaruzika. Hiyo ni kazi ya fundi, na kununua mipira kila mara ni kumwaga pesa.

MPIRA UPI WA KUNUNUA?

Hapa sisi wa mpakani tuna jaribu ambalo wenzetu wa Kakamega hawana. Mtu anasikia kwamba ng'ambo mpira ni wa bei nafuu, anavuka Busia au Malaba na kurudi nao akifurahi. Lakini Uganda pampu zilizokubaliwa na serikali ni U2 na U3, ambazo zinatokana na pampu za India Mark II na Mark III. Silinda yake ni pana zaidi, karibu milimita 63, na ya Afridev ni milimita 50. Mpira wa U2 hauwezi kuingia Afridev hata ukiombewa. Vilevile, kisima cha zamani chenye pampu ya Nira kutoka Ufini kina spea zake tofauti.

Kuvuka mpaka si dhambi. Dhambi ni kuvuka bila kujua unachotafuta. Chukueni mpira wa zamani mkononi, mwandike jina la pampu katika karatasi, mpime mpya juu ya wa zamani kabla ya kutoa pesa. Michoro ya Afridev si mali ya kampuni moja, kwa hiyo spea nzuri zaweza kutoka kwa watengenezaji mbalimbali na bado zikalingana. Mpira mzuri ni laini, hauna ufa wala mikunjo, na ukiubana kwa vidole unarudi upesi. Uliokaa dirishani ukipigwa na jua umeanza kufa kabla haujafanya kazi. Na wa kwenu wa akiba utunzeni gizani, mbali na jua na moshi wa jikoni.

Tena, tafadhali, msikate mpira wa pampu kutoka kwa tyubu ya gari au malapa. Tunajua watu wana akili ya kujisaidia, na tunaiheshimu. Lakini kipande cha tyubu hakina midomo ya kujipanua. Hukwama, hukwaruza, au huisha kwa wiki mbili, na vipande vyake vinaweza kuzuia valvu. Ule wa kiwandani ni wa nitraili, mpira unaovumilia maji na msuguano.

KWA VIJANA WA JUA KALI

Vijana wa vikundi wanaofanya kazi kwenye malori pale Malaba wametuuliza kama jeki ya mafuta ni mambo hayo hayo. Ndiyo, ni ndugu. Jeki, lori la tipa, na hata yale matingatinga madogo ya kupakia mchanga, yote yana silinda, pistoni na mpira wenye midomo. Tofauti ni kwamba ndani kuna mafuta badala ya maji, na nguvu inayosukuma ni kubwa mno kuliko ya kisima. Jeki inayoshuka yenyewe polepole na lori likiwa juu yake inalia kwamba mpira umeisha, au kuna uchafu kwenye valvu.

Mambo manne tu tuwaambie. Kwanza, usafi: punje moja ya mchanga inaua mpira mpya, kwa hiyo msifungue silinda kando ya barabara penye vumbi. Pili, msitie mafuta ya breki ndani ya jeki, maana huharibu mpira wake. Tatu, kamwe mtu asiingie chini ya lori, wala chini ya mikono ya tingatinga iliyoinuliwa, ikishikiliwa na mafuta peke yake. Wekeni stendi imara, kwa sababu mpira hauna agano na mtu. Nne, msitafute mahali panapovuja kwa mkono. Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi kama sindano, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Tumieni kipande cha katoni. Mafuta yakimwingia mtu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikionekana kidogo kama cha mwiba.

PESA ZITATOKA WAPI?

Tukubaliane, ufundi si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni daftari la mweka hazina. Vikundi vingi huanza kuchanga siku pampu ilipokufa. Siku hiyo kila mtu ana hasira, wenye uwezo wamekwisha kununua maji ya mkokoteni, na yule mjane anayeteka mtungi mmoja anaambiwa alipe sawa na mwenye hoteli.

Tuchukue mfano, wala si bei ya duka lolote. Tuseme seti ya spea za mwaka ni shilingi 3,000 na kisima kina familia 50. Kila familia ni shilingi 60 kwa mwaka, yaani shilingi 5 kwa mwezi. Ni nani katika kijiji atashindwa? Na mkikubaliana kwamba mwenye hoteli, mwenye kufyatua matofali na mwenye ng'ombe wengi watoe zaidi, mjane anaweza kusamehewa kabisa. Ulizeni bei halisi, mfanye hesabu yenu wenyewe mbele ya wote.

Na pale tunapochanganyika makabila na madhehebu, tusiache kazi ya kudai kwa mtu mmoja. Mweka hazina Mteso akimdai Msamia, maneno yanageuka. Chagueni wawili au watatu kutoka pande mbalimbali, daftari lisomwe kila mwezi mahali pa wazi, karibu na kisima, na majina ya waliotoa na wasiotoa yasikike. Si kwa kumwaibisha mtu, bali kila mmoja ajue kwamba sheria ni moja. Na mpira wa mwaka ujao ununuliwe mapema, uwe tayari ndani ya sanduku. Pesa inaweza kuazimwa kwa mazishi. Mpira hauazimwi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pampu yetu ni ya aina gani, na ni nani kati yetu anajua kuifungua? Akihama, nani atabaki?

2. Mpira wetu ulibadilishwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayekumbuka, hilo linatuambia nini?

3. Tuhesabu mtungi wa lita 20 wiki hii. Ni mara ngapi?

4. Mara ya mwisho pampu ilipokatika, nani alitembea mbali zaidi kutafuta maji? Je, mtu huyo yumo katika kamati?

5. Spea za pampu yetu zinapatikana duka gani, na kwa shilingi ngapi?

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma jinsi Isaka alivyofukua tena visima ambavyo baba yake Ibrahimu alikuwa amevichimba na ambavyo vilikuwa vimefukiwa. Isaka hakungoja mtu mwingine aje kumfukulia. Visima vyetu pia vilichimbwa na waliotutangulia, wengine kwa jasho la harambee, wengine kwa msaada wa wageni ambao wamekwisha kurudi kwao. Kazi iliyobaki ni ndogo, nayo ni yetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kikundi kitakachobadilisha mpira wake kabla ya maji kukatika kituandikie: mtungi ulihesabu ngapi kabla, na ngapi baada. Tutawasimulia wengine ili nao wapate moyo. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.